Kapsuli za kwesetini zinaua seli za kansa ya titi kweli ama ni biashara ya mtu?

binti_wa_Kariobangi

Wadau habari zenu. Naomba mnisaidie juu hapa kwetu tumegawanyika kabisa. Shangazi yangu alipatikana na kansa ya titi mwaka jana, akafanyiwa operesheni, akamaliza kemo, saa hii ako kwa tamoksifeni, tembe ya kuzuia kazi ya homoni ya estrojeni, ile ya miligramu 20 kila siku na daktari alisema atameza miaka 5. Anaendelea vizuri tu, nywele zimerudi na ameanza kusuka tena. Sasa kuna mama wa chama chao amemletea kapsuli za kwesetini, miligramu 500 kila moja, ati inatolewa kwa mimea, iko kwa vitunguu na matofaa na sukuma, kwa hivyo haina madhara. Chupa ni elfu nne na mia tano na ameambiwa ameze mbili asubuhi mbili jioni.

Huyo mama akatuma kwa grupu ya familia PDF ya utafiti, na si zile za kuforwadiwa zenye hazina mwenyewe, hii iko na majina ya maprofesa na magrafu na kila kitu. Inasema hiyo kwesetini, yenye iko kwa kundi la kemikali za mimea zinaitwa flavonoidi, ilipunguza kukua kwa seli za kansa ya titi zinaitwa MCF-7, na kadiri dozi ilivyopanda ndivyo seli zilizidi kupungua. Binamu yangu mwenye ako kampasi anasema ikishachapishwa kwa jarida basi imethibitishwa, babangu anasema hao ni wakora wa mjini, na shangazi mwenyewe amekaa katikati anatuangalia tu.

Mimi swali langu si kama huyo mama ni mkora. Nataka kujua hiyo utafiti inamaanisha nini kwa mtu kama shangazi. Kwa karatasi ya baiopsi wameandika ER positivu, PR positivu, HER2 negativu kama hiyo inasaidia mtu kujibu.

fundi_simu_Umoja

Pole kwa shangazi dadangu, na hongera amevuka kemo, hiyo si mchezo. Mimi si mtu wa sayansi lakini najua seli kwa kisahani ni kitu ingine na mtu ni kitu ingine. Ata ukimwaga chang'aa kwa hizo seli zitakufa na hakuna mtu ataandikia mgonjwa chang'aa.

Mzee_wa_Mlonge

Hii ndio shida yetu Wakenya, kitu ikitoka kwa mmea tunacheka, ikitoka kwa kiwanda ikiwa na kibandiko tunapiga magoti. Kwani hizo kemo mnafikiri zinatoka wapi? Paklitakseli, yenye nina uhakika ata huyo shangazi huenda aliwekewa, ilitoka kwa maganda ya mti. Vinkristini na vinblastini zinatoka kwa lile ua la Madagaska la rangi ya waridi mnapanda nje ya nyumba mkifikiri ni urembo tu. Mimea ndio ilianza. Kwa hivyo mtu akikuonyesha utafiti wa chuo kikuu unaosema flavonoidi inazuia seli za kansa usikimbilie kusema ni ukora, muulize tu inauzwa wapi na kwa bei nzuri kuliko hiyo, juu elfu nne mia tano ni wizi.

benchi_ya_maabara

Nimefanya kazi ya kukuza seli, na MCF-7 ni kati ya zenye nimeshika sana, kwa hivyo wacha nijibu polepole, mtanisamehe ikiwa ndefu.

Kwanza hizo seli ni za nani. Zilitolewa 1970 kwa maji ya kifuani ya mtawa mmoja wa Kikatoliki huko Michigan, Marekani, mwenye kansa yake ya titi ilikuwa imeshasambaa. Yeye alifariki lakini seli zake zimeendelea kugawanyika kwa maabara za dunia nzima mpaka leo. Zinapendwa juu ziko na vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zenye hiyo homoni inashikilia, ndio kusema ziko ER positivu kama za shangazi yako (hizo PR na HER2 ni vipokezi vingine vyenye hupimwa), ukizipa estrojeni zinakua, ukizipa tamoksifeni zinapunguza mwendo. Kwa hivyo mtu aliyefanya utafiti na MCF-7 hakufanya upuzi, alichagua seli zinazofaa kwa swali lake.

Sasa angalia venye jaribio lenyewe linaendeshwa. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kidogo kuliko kifuniko cha biki, unaweka seli elfu kadhaa na maji ya chakula yenye rangi nyekundu, unaweka kwa inkubeta ya digrii 37. Kesho yake unaongeza kwesetini kwa viwango tofauti, safu hii maikromola 10 (hicho ni kipimo cha wingi wa dawa kwa kila lita), ile 25, ile 50, ile 100, na safu moja huweki kitu ndio ulinganishe. Baada ya siku moja mbili tatu unaongeza dawa ya njano inaitwa MTT, seli zenye ziko hai zinaibadilisha kuwa zambarau, mashine inasoma rangi. Zambarau ikipungua unaandika kwamba ukuaji umezuiwa kwa asilimia kadhaa. Hiyo ndio grafu yenye binamu anaonyesha watu. Na rangi kupungua inaweza kumaanisha seli zimekufa, ama ziko hai lakini zimeacha kugawanyika, ama zimechoka tu, lazima ufanye vipimo vingine kujua ni gani. Kwa kwesetini, kusimama na kufa yote mawili yameonekana, kuna penye seli zimesimama kabla ya kugawanyika na kuna penye zimejiua zenyewe. Hiyo ni kweli, sipingi, imeonekana na watu wengi kwa maabara nyingi.

Shida iko kwa hizo namba za maikromola. Karatasi nyingi za aina hiyo zinapata matokeo ya kufurahisha kuanzia kama maikromola 20, na nyingi zinafika 50 na 100. Kwesetini maikromola 50 ni kama miligramu 15 ndani ya kila lita. Mwambie binamu afungue hiyo PDF atafute namba ya dozi, lazima imeandikwa chini ya grafu, alafu aulize damu ya mtu inafika hapo?

Haifiki. Mtu akila vitunguu na sukuma vizuri damu yake kwa kawaida haifiki ata maikromola 1. Akimeza kapsuli inapanda kidogo, maikromola chache hivi. Alafu sehemu kubwa ya hiyo si kwesetini yenyewe tena.

binti_wa_Kariobangi

Asante sana. Nimempea binamu simu asome na amekuja na hesabu yake. Anasema shangazi akimeza kapsuli nne kwa siku ni miligramu 2000, mtu ako na damu kama lita 5, ukigawanya unapata miligramu 400 kwa lita, na wewe umesema seli zinahitaji 15. Kwa hivyo ati iko ya kutosha na inabaki. Saa hii anatembea kwa nyumba kama ameshinda kesi.

benchi_ya_maabara

Haha mwambie hesabu ya kugawanya iko sawa kabisa, ni tumbo lenye halikubali.

Kwesetini haiyeyuki vizuri kwa maji, kwa hivyo nyingi ya kapsuli inapita tu inaenda zake choo, ama inafika utumbo mkubwa bakteria wanaikatakata. Ile inaingia, inakutana na ukuta wa utumbo na ini, na hapo mwili unaishika kama kitu kigeni, unaibandika asidi ya glukuroni ama salfeti ndio itoke haraka na mkojo. Ndio maana kwa damu unakuta hizo zilizobandikwa, ile yenyewe safi ya kwa kisahani karibu haipo. Na ile kidogo iliyobaki imeshikwa na albumini, protini ya damu, haiko huru kuingia kwa seli. Kwa kisahani sisi huweka seramu ya ndama asilimia 10 tu, kwa hivyo protini ni kidogo na dawa iko huru inaogelea. Hakuna mtu ameweka lita 5 za damu kwa jagi akamwaga kapsuli ndani.

Kuna jambo lingine halisemwi sana kwa hizo karatasi. Kwesetini ikikaa kwa yale maji ya chakula cha seli inaungua yenyewe na oksijeni na inatengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafisha vidonda. Kwa hivyo kuna wakati seli zinakufa na peroksaidi na sifa inaenda kwa mmea. Na flavonoidi zingine zinaweza kubadilisha ile MTT kuwa zambarau zenyewe bila seli yoyote, kwa hivyo ukikosa kuweka kishimo cha dawa bila seli unasoma uongo. Maabara makini wanajua haya na wanayachunga. Ukisoma karatasi na hujaona wamejaribu pia seli zisizo za kansa, kwa mfano MCF-10A, wewe punguza furaha kidogo, juu kama dawa inaua zote hiyo inaitwa sumu.

Mzee wa Mlonge, sijakupinga kwa paklitakseli. Lakini angalia safari yake. Maganda ya huo mti wa Pasifiki yalichukuliwa 1962, umbo la kemikali likajulikana 1971, ikaidhinishwa Marekani 1992 kwa kansa ya ovari na 1994 kwa ya titi. Hiyo ni miaka thelathini ya kutafuta inafanya nini, dozi gani, inaingiaje kwa mshipa, inaumiza nini. Na kwesetini ata imejaribiwa kwa mshipa, Uingereza, matokeo yakatoka 1996, kwa wagonjwa wa kansa mbalimbali. Ukipita tumbo damu inapata dozi kubwa, na chenye kiliwasimamisha kupandisha zaidi ni mafigo kuumia. Sasa mtu akisema kitu haina madhara juu iko kwa vitunguu, hapo ndio namuuliza ni kitunguu gani kinawekwa kwa dripu.

Mzee_wa_Mlonge

Sawa mwalimu, hiyo ya figo sikuijua. Lakini bado hujasema itamdhuru. Umesema tu haifiki. Kama haifiki si basi ameze, akikosa faida pia hakosi kitu isipokuwa pesa?

benchi_ya_maabara

Swali zuri mzee, na ndio yenye inanifanya niwe na wasiwasi na shangazi zaidi kuliko na mtu mwenye hana kansa.

Flavonoidi nyingi zina umbo linalofanana kidogo na estrojeni. Mfano unaojulikana sana ni jenisteini ya soya. Kwa MCF-7 hii kitu ina tabia mbili: ukiweka nyingi seli zinapungua, ukiweka kidogo, chini ya maikromola 10, seli zinaongezeka. Na ile kidogo ndio inakaribia ya kwa damu. Kwesetini nguvu yake kwa upande wa estrojeni ni ndogo kuliko jenisteini, lakini kuna majaribio penye nayo kwa dozi ya chini iliongeza seli zenye vipokezi vya estrojeni, na zile zisizo na vipokezi haikuziongeza. Ile grafu ya binamu pengine ilianza na dozi kubwa kwa hivyo hiyo sehemu haionekani. Ata yale maji mekundu ya chakula cha seli, ile rangi yenyewe inafanya kazi kidogo kama estrojeni, ndio maana mtu akitaka kupima mambo ya homoni vizuri anatumia maji yasiyo na rangi. Hizi seli zinasikia vitu vidogo sana.

Alafu kuna jaribio la 2002, panya waliopandikizwa uvimbe wa MCF-7, wakapewa tamoksifeni, uvimbe ukatulia. Walipoongezewa jenisteini kwa chakula kazi ya tamoksifeni ikapungua, uvimbe ukaanza kukua. Ni panya, si watu, na ni jenisteini si kwesetini, siwezi kusema itatokea kwa shangazi. Lakini mtu ER positivu kwa tamoksifeni, tembe yenye imepimwa kwa maelfu ya wanawake na kazi yake yote ni kuziba hicho kipokezi, alafu unaongeza kila siku miligramu 2000 ya kitu yenye inaweza kugusa hicho hicho kipokezi... mimi ningekuwa mtu wa familia ningesema weka hiyo chupa kando kwanza.

mama_Tasha_Pipeline

Ngoja hapo kwa soya jamani! Mimi pia nilikuwa na ER positivu na nakunywa uji wa soya na wimbi kila asubuhi tangu nimalize matibabu juu niliambiwa unajenga mwili. Mnataka kuniambia nimekuwa nikilisha kansa?

benchi_ya_maabara

Hapana mama Tasha, kunywa uji wako kwa amani. Chakula ni tofauti na kapsuli. Kuna utafiti mkubwa wa Shanghai uliotoka 2009, wanawake zaidi ya elfu 5 waliopona kansa ya titi, na wale waliokuwa wanakula soya nyingi kama chakula walikuwa na vifo vichache na ugonjwa kurudi kidogo kuliko waliokula kidogo, ata wale wa tamoksifeni. Hiyo haithibitishi kwamba soya ndio iliwasaidia, pengine ni watu wanaokula vizuri kwa jumla, lakini inatosha kuondoa hofu ya uji. Vitunguu na sukuma vivyo hivyo, kula. Kitunguu chekundu ata kina kwesetini nyingi kuliko cheupe, na iko zaidi kwa tabaka za nje, zile watu wanatoa na kutupa. Chenye nasema kiwekwe kando ni ile iliyokamuliwa ikawekwa kwa kapsuli.

sista_wodi_ya_juu

Nimekuwa nasoma tu lakini wacha niingie. Mimi ni nesi, nimekaa na wagonjwa wa kansa miaka mingi. Yale ya maabara yamesemwa vizuri, mimi nitasema ya kliniki.

Tamoksifeni ukimeza haifanyi kazi yote vile ilivyo, ini lazima liibadilishe kuwa endoksifeni yenye nguvu zaidi, na enzaimu zinazofanya hiyo kazi ni CYP2D6 na CYP3A4. Vitu vingi vya mimea kwa dozi kubwa vinagusa hizo enzaimu. Kwa panya kwesetini ilipandisha kiasi cha tamoksifeni kwa damu. Ikipanda kwa mtu si kwamba ndio nzuri, madhara pia yanapanda, na tamoksifeni iko na yake: joto la ghafla usiku, damu kuganda kwa mguu, na kwa wengine shida ya mfuko wa uzazi. Kwa hivyo shangazi akiona mguu mmoja umefura unauma, ama anatoka damu na alishaacha kuona hedhi, asingoje tarehe ya kliniki, aende siku hiyo.

Jambo la pili na ndio kubwa kwangu. Wagonjwa hawatuambii. Mtu anakuja kliniki unamuuliza kuna dawa zingine anasema hapana, alafu ukikaa naye kwa benchi akisubiri kadi anakuambia anakunywa stafeli, muarobaini, mlonge, na kuna unga fulani uliotoka kwa mtu wa Kariokor. Anaogopa kugombezwa, na ukweli wengine wetu tunagombeza. Shangazi achukue chupa yenyewe aende nayo, aiweke kwa meza. Asiseme "nakunywa vitu vya kienyeji kidogo", aseme jina, miligramu, na ngapi kwa siku. Kama daktari ana haraka aombe kuongea na mfamasia wa hapo, hao wana subira zaidi na ndio wanajua dawa gani inagongana na gani.

Na kitu kimoja binti, mchunguze vizuri asije akawa amepunguza tamoksifeni ndio atumie hizi za mama wa chama. Sijasema amefanya hivyo. Lakini nimeona, na wenyewe huwa hawasemi, juu tembe moja nyeupe kila siku bila kuona tofauti inachosha mtu, na hizi mpya zinakuja na matumaini na mtu wa kukupigia simu kila wiki akuulize unaendeleaje.

binti_wa_Kariobangi

Sista asante kwa hiyo ya mwisho. Nimeenda nikahesabu tembe za tamoksifeni kwa pakiti na zilizobaki zimezidi. Si nyingi lakini zimezidi. Nimemuuliza pole pole akaniambia zile joto za usiku zilikuwa zinamnyima usingizi na huyo mama akamwambia kwesetini inafanya kazi hiyo hiyo bila kuchoma mwili. Hajaniambia ni lini alianza kuruka. Kliniki yake ni Alhamisi, tunaenda na yeye na ile chupa na pakiti ya tamoksifeni, zote mbili.

Binamu amesoma yote kimya kimya. Dozi ya kwa PDF ilikuwa maikromola 80 :)

sista_wodi_ya_juu

Vizuri sana, na msimlaumu. Hayo joto ya usiku aseme wazi wazi Alhamisi, kuna vitu daktari anaweza kumpa vya kupunguza, lakini asinunue mwenyewe duka la dawa, juu dawa zingine za mfadhaiko zinazotumika kwa hiyo joto, kama paroksetini, zinaziba ile CYP2D6 niliyosema na tamoksifeni inakosa nguvu. Daktari ataangalia atumie gani.

fundi_simu_Umoja

Na zile elfu nne mia tano je? Mama wa chama atarudisha?

binti_wa_Kariobangi

Amesema chupa ikishafunguliwa hairudi. Babangu anataka kwenda na yeye kwa mkutano wa chama Jumapili, shangazi amekataa kabisa, anasema ni rafiki yake na atamwambia mwenyewe.

Mzee_wa_Mlonge

Wacheni shangazi aongee na rafiki yake. Lakini mpige skrinshoti ya zile meseji penye aliandika ati inafanya kazi ya tamoksifeni, msifute, na muangalie kwa chupa kama kuna namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mimi nauza mlonge na sijawahi kumwambia mtu aache dawa ya hospitali.